Orodha Safi ya Kalubihan

Mimi sijawahi kuandika jina la maiti. Niulizeni jingine lolote mtanikuta na makosa. Nina mdomo, nina hasira, na marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba kunioa mimi ni kununua redio isiyozimika. Lakini orodha zangu za wapiga kura zilikuwa safi. Wapiga debe wengine wa wilaya yetu waliandika wafu, wakaandika watoto wachanga, na yuko mmoja wa kijiji cha pili alimwandika mbwa wake, akampa na jina la ukoo. Mimi, Consorcia Dumaguit, Siyang wa Kalubihan, nikikuletea majina mia tatu na kumi na mawili, jua ni watu mia tatu na kumi na wawili wanaopumua, na kila mmoja kaandika kwa mkono wake mbele ya macho yangu. Nalitanguliza hili kwa sababu siku hizi watu wanasema mengine.

Kalubihan ni kijiji cha minazi ufukweni. Wanaume wanagema, wanawake tunakausha mbata. Bibi yangu amezaliwa pale na kuzikwa pale, lakini kwa karatasi ardhi si yetu. Wamarekani walipokuwa wakitutawala waliichora kwenye ramani wakaiita akiba ya jeshi, wakaondoka, na jeshi lenyewe hatujaliona mpaka leo. Basi tukabaki watu wa kukaa kwa hisani. Benki haikujui, mahakama haikujui, akija mtu na tingatinga huna cha kumwonyesha. Tulichokitaka Kalubihan ni kitu kimoja tu, hati.

Eutiquio Bermoy alikuja kuomba kura zangu akiwa na shati moja, limefuliwa mpaka kola imechoka. Anagombea udiwani. Tikyo, ndivyo tulivyomwita wote.

"Dada Siyang," akasema akiwa bado mlangoni, "nasikia wewe ukikohoa, Kalubihan nzima inashika kifua."

"Wewe si mtoto wa yule mama muuza vitumbua pale sokoni?"

"Ndiye mimi."

"Kaa ule. Mama yako hajanipunja hata siku moja."

Akakaa sakafuni, akala wali na samaki mkavu kwa mkono, akafyonza mpaka mkia. Mume wangu Isko alimpenda papo hapo. Akamjazia bilauri ya tembo, na Tikyo akanywa bila kukunja uso, na tembo la Isko lilikuwa kali! Akatuapia: mkinipa udiwani, nitawapatieni hati.

Tukampa. Akakaa miaka mitatu, akarudi kutuambia kwamba diwani hana nguvu, hilo ni la meya. Tukampa umeya, miaka tisa. Akatupa barabara ya saruji, akatupa uwanja wa mpira wa kikapu wenye jina lake kwenye kila nguzo, halafu akasema jamani, hilo la ardhi ni la gavana. Haya, tukampa ugavana, mingine tisa. Gavana naye akagundua kwamba ardhi ya serikali inaachiwa kwa sheria tu, na sheria zinatungwa Manila. Mnacheka? Sisi hatukucheka. Tulimpandisha kama mtu anayepanda mnazi kuangua madafu, sisi tuko chini tumeshikilia shina, shingo zinatuuma kwa kutazama juu. Miaka sita iliyopita tukampeleka Bungeni. Mimi nilibisha hodi nyumba hadi nyumba na miguu yangu hii yenye baridi yabisi.

Msinione mjinga. Kulikuwa na sababu. Tikyo ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu Jovito, na kwetu ukimsimamia mtoto wa mtu kwenye ubatizo mmeshakuwa ndugu. Mimi nikawa Mare wake, yeye akawa Pare wangu. Hata alipokuwa gavana mwenye walinzi wanne, akiniona kwenye umati alipaza sauti, "Mare! Mbona umekonda?" na watu wote wakageuka kunitazama. Mwili ulinisisimka. Sioni haya kusema, nilijisikia mtu.

Halafu Isko akaanguka. Mnazi ulikuwa umelowa, na yeye alikuwa na miaka hamsini na nane, alikatazwa kupanda, hakusikia la mwadhini wala la padri. Tikyo alileta gari lake mwenyewe, akampakia kwa mikono yake, damu ikamwagika kwenye viti vyake vya ngozi. Siku tisa hospitali hatukudaiwa hata senti, alilipa yeye. Isko alipokufa, jeneza lilibebwa na watu sita, na mmoja wa hao sita alikuwa gavana wa mkoa, jasho linamtoka, kiatu kimezama kwenye tope la makaburini. Fadhila hiyo utailipa na nini? Kwetu hailipwi, unaibeba tu maisha yako yote, na watoto wako wanaibeba nyuma yako.

Sasa sikilizeni habari ya karatasi.

Sisi watu wa huku tunasaini kila kitu. Akija daktari wa meno wa bure, unasaini. Semina ya kufuga nguruwe, unasaini. Mswaki mmoja, saini. Ukienda msibani kuna kitabu mlangoni. Mtoto anajua kusaini kabla hajajua kusoma, na asiyejua anatia dole gumba na kujifutia kwenye sketi ya mama yake. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya Tikyo, Kalubihan tulipata nguruwe wazima wa kuchoma, sinia za tambi, na kila nyumba mfuko wa mchele na makopo manne ya samaki. Karatasi za kusaini zinakuja zimepigwa mistari, juu pamebaki peupe. Mara ya kwanza niliuliza, miaka mingi nyuma. Kijana wa ofisini akanijibu, "Kichwa kitachapwa ofisini, mama. Wakaguzi wanataka kujua mchele umekwenda wapi." Sikuuliza tena. Mwaka hadi mwaka watu walisaini, wakachukua mchele, wakaenda zao. Mwaka jana pia walisaini, wote mia tatu na kumi na wawili. Nilisimama pale juani tangu asubuhi, nimevaa fulana yenye uso wake, nawafokea wasiruke mstari.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Mwalimu Purisima. Huyu ni mwalimu mstaafu, amefundisha nusu ya Kalubihan, mimi mwenyewe kanichapa. Alikuwa na bahasha, na uso wake haukuwa na utani.

"Siyang, Pare wako kapeleka mswada Bungeni. Wa Kalubihan."

Nikapiga makofi kwa furaha. "Hatimaye! Hati?"

"Soma."

"Nisomee, sina miwani hapa."

Akanisomea. Kalubihan inaondolewa akiba ya jeshi, ndiyo, lakini haiji kwetu. Inakuwa eneo maalumu la utalii. Inakodishwa kwa kampuni moja ya mahoteli kwa miaka hamsini. Sisi tunahamishiwa kilimani, kilomita kumi na nne kutoka baharini, kwenye mawe, ambako hata mnazi ukiupanda unakucheka. Na nyuma ya mswada kumebandikwa karatasi zenye mistari, zina kichwa kilichochapwa vizuri kabisa: Mahudhurio ya mashauriano ya wananchi, sisi wakazi tunaridhia kuhama kwa hiari. Chini yake majina yetu.

"Ni vijana wa ofisini," nikasema. "Wamemzunguka. Yeye hajui."

"Siyang."

"Hajui, nakwambia! Mtu aliyembeba Isko?"

Mwalimu akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikikosea kujumlisha. "Fadhila za punda ni mateke," akasema. "Ila hapa sijui punda ni nani."

Usingizi ulikwisha nyumbani kwangu tangu siku hiyo. Wiki ya tatu simu ikalia, yeye mwenyewe, sauti ileile.

"Mare! Miguu inaendeleaje?"

"Pare, hii karatasi..."

"Ndiyo, ndiyo, nimesikia, kuna kelele. Kamati ya Bunge inakuita. Nitakutumia tiketi ya meli. Njoo useme kweli mbele ya kamati. Kweli tu, Mare, sitaki zaidi ya hapo."

Nikashusha pumzi. Mnaona? Nilijiambia, mtu mwenye hila haombi kweli. Kijiji kikakutana kikanisani, kila mtu akasema lake, mwisho wakakubaliana niende mimi na Mwalimu. Meling, rafiki yangu tangu utoto, tulivunja ungo mwaka mmoja, akanifungia wali kwenye jani la mgomba na akanivika rozari yake. "Nenda," akasema, "huyo anakuheshimu wewe kuliko mkewe."

Melini Mwalimu alisubiri mpaka tumekaa, ndipo akasema lililokuwa likimkereketa.

"Nisikilize vizuri. Barua yangu kwa kamati inasema saini ni za kughushi. Wewe ndiye uliyesimamia orodha. Ukisema karatasi ile huijui, mswada unarudishwa, mashauriano yaanze upya. Mwakani uchaguzi, Bunge linavunjwa, mswada unakufa wenyewe."

"Unataka niseme nimeghushi?"

"Nataka useme huijui. Hukumbuki. Wewe ni bibi kizee, nani atakulaumu kwa kusahau?"

"Nikiwa kiaponi?"

"Ndiyo, kiaponi."

"Mwalimu, wewe si ndiye uliyenichapa kwa kudanganya?"

"Nilikuchapa ukiwa na miaka minane," akasema. "Sasa una sitini na sita na nyumba mia tatu mgongoni. Ni neno moja, Siyang. Dhambi yake nitaibeba mimi."

Nilikuwa nimeshakata shauri langu. Sitadanganya wala sitasahau, nitasema yote: siku ya kuzaliwa, mchele, makopo, karatasi isiyo na kichwa. Ukisema yote, nani atabaki na cha kubisha? Nilidhani kweli ni kitu kizima, mtu hawezi kuikata akachukua kipande anachokitaka.

Chumba cha kamati kilikuwa cha baridi, meno yakagongana, ikabidi nijifunike shali ya Mwalimu. Wabunge wamekaa kwenye meza ndefu, mbele yao kahawa na mikate iliyojazwa. Tikyo yumo miongoni mwao, suti ya kijivu, nywele zimetiwa rangi. Akanikonyeza. Nikaapa, mkono juu.

Mwenyekiti akainua karatasi. "Mama Dumaguit, kuna malalamiko kwamba saini hizi ni za kughushi, na kwamba mwenye kughushi ni wewe."

Hata kama najua lilikotoka, neno lile lilinichoma. Mimi! Kughushi! Nikamwona Mwalimu kwa pembeni, ananitikisia kichwa polepole, hapana, hapana.

Tikyo akaomba nafasi. "Mwenyekiti, niruhusu nimuulize shahidi. Namfahamu muda mrefu." Akanigeukia, sauti laini. "Mare, miaka ishirini na saba umetunza orodha za Kalubihan. Umewahi kuandika jina la mtu asiyekuwepo?"

"Sijawahi." Nikalisema kifua mbele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi mke wa mgema nililisahau hilo siku hiyo.

"Humu ndani, kuna saini hata moja iliyotiwa na mtu mwingine?"

"Hata moja! Kila mtu kaandika kwa mkono wake, nimesimama pale nawatazama. Lakini, Mheshimiwa, ilikuwa siku yako ya kuzaliwa! Walisainia mchele! Juu palikuwa hapana kitu!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mwenyekiti akatabasamu. "Kumbe kwenye mashauriano mlipewa na chakula. Si vibaya, mama, hata sisi hapa tunakula." Sasa wakacheka wote. "Malalamiko yalihusu saini. Shahidi aliyeletwa na walalamikaji wenyewe amethibitisha chini ya kiapo kwamba ni za kweli na alizishuhudia. Iandikwe."

"Ngoja! Hamjanisikia, kile kichwa cha karatasi..."

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Niliendelea kupiga kelele mpaka askari wa kike akanishika kiwiko kwa adabu na kuniuliza kama ningependa maji. Mwalimu Purisima alikuwa ameshainuka. Alipita mbele yangu hakuniangalia.

Tikyo alinikuta ukumbini. Akawafukuza walinzi kwa mkono, akaja akaninyooshea mkono kama siku zote. Nikauacha hewani.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini, Mare?"

"Kwamba sitadanganya."

Nawaambieni, hakukataa. "Kampuni iliniletea vijiji vitatu nichague. Viwili orodha zake zimejaa wafu. Mwalimu wako angezirarua asubuhi moja. Yako tu ndiyo ingesimama, na wewe tu ndiye ungesimama nayo." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayekusifu.

"Isko ulimbeba kwa mikono yako, Tikyo."

"Na ningembeba tena leo," akasema, macho yamemlowa. Naamini alikuwa mkweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningemkuta ni shetani ningepumua. "Nagombea useneta, Mare. Nchi nzima, si mkoa. Kampeni ile haiendi kwa sinia za tambi. Wananisaidia hawa wa mahoteli, au sifiki. Nikifika kule juu nitawa..."

"Usimalize! Haki ya Mungu usimalize sentensi hiyo. Umetumaliza kwa hiyo hiyo miaka ishirini na saba. Diwani, hilo la meya. Meya, hilo la gavana. Ukiwa seneta litakuwa la nani? La Papa wa Roma?"

Watu walianza kutazama. Akashusha sauti. "Usiwe na wasiwasi na wewe. Nimekutengea kiwanja kizuri, kando ya barabara kabisa, maji yapo. Sijakusahau."

"Kizuri, eh? Basi uzikwe humo wewe."

Nikaondoka. Sikulia mbele yake. Nililia chooni mwa Bunge, mlango nimeufunga, rozari ya Meling shingoni, nikajiona nilivyokuwa mpumbavu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu marefu. Nilikuwa nimejidhania mwaminifu. Kumbe nilikuwa kifaa, na kifaa kizuri ni kile kisichoharibika.

Njiani kurudi Mwalimu alikaa upande mwingine wa meli. Nilimpelekea kahawa. Akaipokea, akasema asante, akaiweka sakafuni karibu na mguu wake mpaka ikapoa.

Tulipofika Kalubihan ilikuwa mchana, na kijiji kizima kiko mbele ya kikanisa. Nikadhani wamekuja kutupokea. Nikaanza kupanga maneno yangu, nitawaeleza vipi. Lakini hawakuwa wanaangalia njia, walikuwa wanaangalia mlango wa kikanisa. Vijana wa Tikyo walikuwa wamekuja mapema asubuhi na pikipiki, wakabandika ramani ya kilimani. Viwanja vimechorwa vidogovidogo vyenye namba na majina. Kando ya barabara pale kuna kimoja kikubwa mara mbili ya vingine. Namba moja. Dumaguit, Consorcia.

Wakanipisha nikaisoma. Hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana.

"Jamani," nikasema, "nisikilizeni. Sikukiomba. Nimemwambia akazikwe humo. Nimesimama mbele ya kamati nimesema kweli yote, mchele, siku ya kuzaliwa, muulizeni Mwalimu!"

Wakamgeukia Mwalimu Purisima. Alikuwa ameshika begi lake kwa mikono miwili, amechoka, mtu mzima wa miaka themanini. "Ndiyo," akasema. "Amesema kweli. Walimuuliza kama saini ni zetu, akasema ni zetu."

Meling akatoka mbele. Alinivua rozari yake shingoni taratibu, kwa sababu ilikuwa imenaswa kwenye nywele zangu na hakutaka kuniumiza.

"Siyang," akasema, "sisi hatukukutuma ukaseme kweli. Tulikutuma ukatuokoe."

Nikafungua mdomo. Miaka yote ishirini na saba nimepiga debe kijijini pale, hakuna mtu aliyewahi kuninyamazisha, si padri, si polisi, wala Isko. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kugeuza mbata zao, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika, na mbata ikinyeshewa inaoza.